Mtu wa Tano Kwenye Jalada

Nianze kwa kuungama, maana nisipoungama mapema nitajaza kurasa nzima nikijitetea. Mwaka huu nilimwita babu yangu mwizi. Neno lenyewe sikulitamka. Niliandika maneno matatu ya adabu kwenye karatasi, kwa herufi nzuri nilizozichagua mwenyewe, na maana yake ikawa hiyohiyo.

Nafanya kazi kwenye steshenari mjini Moshi. Tunatoa nakala, tunachapa barua za maombi ya kazi, kadi za harusi na ratiba za mazishi. Kazi hii sikuisomea. Nilijifunza kwa kutazama video na kwa kuharibu karatasi za bosi wangu, mama mvumilivu ambaye huniambia, "Wewe ungeumba dunia tungekuwa bado tunasubiri Jumanne." Anasema kweli. Mteja akishachukua kadi zake na kuondoka akitabasamu, mimi hubaki na nakala moja nikiikagua mpaka nipate kosa. Nikilipata roho inatulia, na usingizi unapotea.

Kwa hiyo kwaya ya usharika wa kwetu Machame ilipotaka kitabu cha nyimbo kwa ajili ya jubilei yake, walinipa mimi. Waliomba kitu chepesi: maneno ya nyimbo, noti za do-re-mi, na jina la mtunzi chini ya kila wimbo. Katibu wa kwaya, mama wa sauti ya pili mwenye mdomo usiochoka, aliniagiza hivi: "Binti, weka herufi kubwa tu tuyaone maneno. Macho yetu yamezeeka kuliko sauti." Mimi nikaongeza kipengele ambacho hakuna mtu aliyekiomba. Nilitaka kila wimbo uwe na asili yake: ulitoka wapi, ulianzaje. Niliona kitabu bila asili za nyimbo ni kama kadi ya harusi bila jina la ukumbi.

Katika nyimbo zile kuna wimbo mmoja wa babu yangu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mwalimu wa kwaya kwa miaka mingi, na katika miaka yote hiyo alitunga wimbo mmoja tu. Unaimbwa kila sikukuu ya mavuno, watu wanapoingia kanisani na mikungu ya ndizi, vibuyu vya maziwa na majogoo yaliyofungwa miguu. Wanaume wanaanza peke yao bila maneno, sauti ya tatu na ya nne, wanaguna tu: mm-mm, mm, mm-mm-mm. Unausikia kwenye benchi unalokalia. Halafu wanawake wanaingia kutoka juu na maneno ya shukrani, na hata wale waliokuja kwa ajili ya mnada wa mavuno peke yake hunyamaza. Wapo watu huku mlimani wasiojua jina la babu yangu. Wanamwita "mwalimu wa mm-mm".

Babu hakuficha wimbo ulikotoka. Kila aliyemuuliza alimjibu, "Nilikuwa nasikiliza ile sahani, wimbo ukaja." Kisha anaelekeza kidole ukutani.

Pale ukutani, kati ya kalenda ya kanisa na picha ya mahafali ya mama yangu, linaning'inia jalada la sahani hiyo, santuri ya mwishoni mwa miaka ya sitini. Ni muziki wa vijana wa siku zile, wa magitaa ya umeme na ngoma. Santuri hiyo iliachwa na mwalimu mmoja wa kigeni aliyefundisha na Babu, siku mgeni huyo alipokuwa anarudi kwao. Kwenye jalada vijana watano wenye nywele mpaka mabegani wamesimama bustanini na mashati ya maua. Wanne wameshika kitu: magitaa mawili, vijiti vya ngoma, na mmoja ameegemea kinanda ambacho sijui kilifikaje kwenye majani. Wa tano hana kitu. Ametia mikono mfukoni na kutazama pembeni. Tulipokuwa wadogo tulimuuliza Babu yule ni nani, akatujibu bila kusita: "Huyo ni dereva wao. Bendi kubwa haikosi dereva." Nimekua nikijua hivyo, kama ninavyojua vilele vya Kibo na Mawenzi.

Sauti ya santuri yenyewe sikuwahi kuisikia. Sindano ya gramafoni ilikwisha kabla sijazaliwa, na gramafoni ikawa meza ya televisheni. Kwangu mimi muziki ule ulikuwa picha.

Nilipofika kwenye asili ya wimbo wa Babu, nikaona siwezi kuandika "sahani ya ukutani" na kuendelea na maisha. Niliitafuta ile santuri mtandaoni, nikagundua imetolewa upya kwenye CD, sauti zimesafishwa kutoka kwenye kanda za mwanzo, na ndani kuna kijitabu cha maelezo. Ningeweza kuisikiliza bure palepale kwenye simu. Nilijizuia hata kuonja. Nilitaka ile iliyosafishwa, na kijitabu chake, ndipo nisikilize kwa mara ya kwanza vizuri. Nimeshasema nina ugonjwa.

Kaka yangu ni mwongozaji wa watalii mlimani. Nikamwomba amwombe mtalii.

"Wenzako wanaomba viatu vya baridi na majaketi," akaniambia. "Wewe unataka nimshushe mtu kutoka kileleni, magoti yanamtetemeka, nimwambie, 'Mheshimiwa, tafadhali, nyimbo za wazee'?"

"Mwambie ni kwa ajili ya kanisa."

"Kwa hiyo niombe na kudanganya."

Aliomba. Mama mmoja mzee aliyekuwa amefika kileleni analia kwa furaha alikubali mara moja, na baada ya muda bahasha ikafika. Niliifungua kwenye kaunta, mikono ikiwa imeoshwa. Lile jalada la ukutani limeshuka ukubwa likawa la kutoshea kiganjani, lakini rangi zimerudi. Kumbe maua ya mashati ni mekundu na ya chungwa. Ya ukutani kwetu yamechujuka yote yakawa buluu, na mimi nilikuwa nimeamini wote walishona kitambaa kimoja.

Mchana, bosi alipokwenda kula, niliitia CD kwenye kompyuta ya zamani, nikavaa hedifoni. Nakiri niliwasikiliza kama nasahihisha mtihani. Wimbo wa kwanza mpiga ngoma ana haraka. Wa pili una filimbi nzuri inayokatishwa bila sababu. Wa nne mtu anacheka mwishoni, na hawakumtoa hata waliposafisha. Mwimbaji ana sauti nyembamba ya mtu anayeomba ruhusa. Nilikuwa nimeanza kuwapenda kidogo, kidogo tu, wimbo wa tisa ulipoanza.

Gitaa la besi peke yake. Mm-mm, mm, mm-mm-mm.

Noti kwa noti. Wanaume wa kwaya yetu wote walikuwa ndani ya lile gitaa, na sauti ya tatu ilikuwa kwenye gitaa la pili, imetulia mahali pake ileile, hata pale inapochelewa nusu pigo ambapo siku zote nilidhani ni kosa la mzee mmoja wa sauti ya tatu.

Nikavua hedifoni.

Sikusikiliza mpaka mwisho. Hapa ndipo aibu yangu ilipo. Mimi nikiona kosa moja kwenye ukurasa, ukurasa siuoni tena, naliona kosa. Niliitoa CD, nikafungua ukurasa wa wimbo wa Babu, na pale palipoandikwa kwamba muziki na maneno ni vyake nikabakiza maneno tu. Mbele ya "Asili" nikaandika: wimbo wa kigeni. Nikapunguza ukubwa wa herufi ili isiumize. Kisha nikaupiga picha ukurasa ule na kumtumia katibu auhakiki. Babu sikumpigia. Nilijiambia namlinda. Ukweli ni kwamba niliogopa kusikia akinyamaza kwenye simu.

Asubuhi iliyofuata katibu alikutana na Babu kwenye kituo cha maziwa, foleni nzima imesimama na ndoo, akamuuliza kwa sauti yake ileile ya kuongoza sauti ya pili: "Mwalimu, kumbe wimbo wetu una baba mwingine?"

Haya nilisimuliwa na Bibi, aliyenipigia simu jioni ileile.

"Njoo Jumamosi," alisema. "Babu yako hali hata mtori niliompikia."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Anasema mwizi hastahili mtori."

"Bibi, mimi sikusema mwizi."

"Najua. Uliandika. Njoo."

Jumamosi nilifika mapema. Babu alikuwa bandani akikatakata mgomba kwa ajili ya ng'ombe, na hakugeuka.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Umekuja peke yako au na pingu?"

"Babu, nisamehe, mimi…"

"Subiri nimalize kulisha. Wasije wakasema nimewaibia na ng'ombe majani yao."

Ng'ombe walikula. Mimi nilisimama nikiwa na CD ndani ya mkoba, nimeifunga kwenye kanga isikwaruzike. Alipomaliza, alinawa, akaketi kwenye gogo, na utani ukamtoka usoni wote kwa pamoja.

"Mimi nina wimbo mmoja," akasema. "Wenzangu wana mashamba ya kahawa, wana nyumba Arusha. Mimi nimefundisha watoto wa watu do-re-mi na nina wimbo mmoja. Ukiutoa huo, kwenye kitabu chako mimi ni nani?"

Nikaitoa CD kwenye kanga.

"Umeisikiliza hiyo sahani?"

"Nimeisikiliza."

"Mpaka mwisho?"

Nikatazama chini. "Mwanzo wa wimbo tu."

"Mwanzo ni wao. Nimewahi kukataa? Mwanzo niliutoa kwenye magitaa yao, nikawapa wanaume waugune, kwa sababu gitaa hatukuwa nalo. Lakini wimbo ni wangu. Wao pale hawana wimbo. Wanapiga vyombo tu. Hawaimbi."

"Wanaimba, Babu."

"Hawaimbi."

"Yupo anayeimba. Tangu wimbo wa kwanza."

Alinitazama kama alivyokuwa akimtazama mtoto aliyesema saba mara sita ni hamsini. "Nimekaa na sahani ile mpaka sindano ikaisha. Unaniambia kuna mtu anaimba?"

Nikageukia jikoni kutafuta msaada. "Bibi! Wale wa kwenye jalada, wanaimba au hawaimbi?"

"Hawaimbi," Bibi akajibu kutoka kwenye moshi. "Nimemnyonyeshea mama yako kwenye muziki ule. Vyombo vitupu."

Nitasema kilichonipitia kichwani, ingawa hakinipi sifa. Niliwaza kwamba wamezeeka wote wawili siku moja, na mimi ndiye wa kwanza kujua. Nikasema tuingie ndani tusikilize.

Bibi ana deki ya kuangalizia video za kwaya, imeunganishwa na sabufa yenye vispika viwili ambayo kaka yangu alimnunulia. Niliitia CD, nikaenda moja kwa moja kwenye wimbo wa tisa. Babu alikaa kwenye kiti chake cha siku zote, mgongo umenyooka, mikono magotini. Alikuwa hajausikia muziki ule tangu mama yangu alipokuwa msichana. Gitaa la besi lilipoanza, kidole chake cha shahada kikainuka chenyewe, kikawaingiza sauti ya tatu, kikamzuia yule anayechelewa nusu pigo. Nilimwona akitabasamu. Kisha mwimbaji akaingia.

Babu aliruka. "Nani huyo?"

Bibi akatokea mlangoni na mwiko. "Nani ameingia?" Akachungulia uani.

"Hakuna aliyeingia, Bibi. Ndiye anayeimba."

"Mwambie anyamaze," Babu akasema. "Anaimba juu ya wimbo wangu."

"Alikuwepo tangu mwanzo, Babu. Wamesafisha tu."

"Hakuwepo! Wamemwongeza. Watu wa siku hizi wanaongeza kila kitu." Lakini macho yake yalikuwa yamekwenda ukutani. Bibi naye akatazama hukohuko. Vijana watano, mashati ya buluu, yule mmoja mikono mfukoni.

"Mungu wangu," Bibi akasema taratibu. "Dereva."

Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Babu hakucheka. Alikuwa amekishika kiti kama kinataka kuondoka.

Nilipopata pumzi ndipo akili ilipoanza kufanya kazi ambayo ilipaswa kuifanya tangu mwanzo. Nyimbo zile nilikuwa nimezihamishia pia kwenye simu. Nikachomeka hedifoni, nikavaa upande mmoja. Sikio la kulia: mwimbaji, na mtu anatikisa kitu kama kayamba. Nikabadilisha. Sikio la kushoto: besi, gitaa, ngoma, na mwimbaji hayupo kabisa, labda mnong'ono, kama mtu anaongea kwa jirani. Walirekodi hivyo siku zile. Vyombo upande mmoja, mtu upande wa pili.

"Bibi," nikauliza, "ile gramafoni ilikuwa na spika ngapi?"

Bibi aliketi kwanza. Alisema yule mwalimu wa kigeni alipokuwa anaondoka aligawa vitu vyake kwa haki sana, mpaka haki ikazidi. Babu alipewa gramafoni na santuri na spika moja. Spika ya pili ikapewa kanisa, waifunge kwenye kipaza sauti, wazee wa nyuma wasikie mahubiri.

"Mimi nilidhani ile ya pili ni ya akiba," Babu akasema kwa sauti ndogo. "Kama tairi."

"Basi dereva alikwenda kanisani," Bibi akasema, "na wewe ukabaki na gari."

Nilimvalisha Babu hedifoni upande wa kushoto tu. Akasikiliza, akafumba macho. "Hii ndiyo sahani yangu," akasema. "Na ule mnong'ono ndio huo huo. Nilidhani ni vumbi. Niliifuta kwa kitambaa kila Jumapili."

Lakini jambo lenyewe lilikuwa bado, na wote watatu tulilijua. Kama yule mtu aliimba wimbo wakati wote ule, upande wa pili, huenda Babu alikuwa ameusikia kwenye mnong'ono bila kujua. Huenda shukrani zetu za mavuno ni sauti ya dereva iliyopenya kwenye vumbi. Babu ndiye aliyelisema.

"Andika," akaniambia. "Andika anachoimba yeye, noti kwa noti. Kisha andika cha kwangu chini yake. Usinionee huruma."

Nilikaa mezani na penseli. Kuandika noti nako nimejifunza mwenyewe, kwa daftari la zamani la Babu, kwa hiyo naandika polepole na kufuta sana. Nilirudia kila mstari mara nne, mara tano. Bibi alirudi jikoni. Babu hakutoka kwenye kiti. Kila niliposhika kifutio alinitazama, na kila nilipomtazama alijifanya anasoma kalenda. Sijawahi kufanya kazi yoyote nikiwa na hofu kama ile, nami huwa na hofu hata nikichapa risiti.

Mistari ya dereva inashuka. Anaanza juu na kuteremka kama mtu anayeshuka ngazi akiwa amechoka, na mwishoni anabaki kwenye noti ambayo haijakaa sawa, anaiachia hapohapo. Wimbo wa Babu unaanza chini, pale wanaume wanapoguna, unapanda mstari kwa mstari mpaka wanawake wafike juu kabisa kwenye neno "asante". Niliweka rula chini ya kila pigo. Zinakutana mara mbili tu, na mara zote mbili ni zile noti ambazo mtu yeyote angelazimika kupita juu ya magitaa yale.

"Je?" Babu akauliza.

"Si mmoja, Babu. Ni nyimbo mbili."

"Hata mstari?"

"Hata mstari."

Alitoa pumzi ndefu. Halafu nikaona mkono wake ukilipapasa goti taratibu, kama mtu anayetuliza mbuzi. Kisha akauliza, "Upi mzuri zaidi?"

"Babu!"

"Nauliza tu kitaalamu."

"Wako unaimbika na kwaya. Wa kwake unaimbika na mtu mmoja mwenye huzuni."

"Hm." Akawaza. "Kijana anapumua vibaya. Anapumua katikati ya neno."

"Utajuaje katikati ya neno, na Kiingereza chenyewe anakimeza?"

"Mimi nimefundisha kwaya, usinifundishe mahali pa kupumua. Mrudishe mwanzo."

Tulimrudisha mwanzo. Tulisikiliza sahani nzima siku ile, nyimbo zote, kwa spika zote mbili, na Babu alisahihisha kila kitu. Filimbi ile iliyokatishwa alisema ilikatishwa kwa sababu mpigaji aliishiwa. Yule anayecheka mwishoni alisema ni mpiga ngoma, amefurahi amemaliza. Nilikuwa nimeipa sahani ile alama za kupita tu kule steshenari. Nikiwa nimekaa sakafuni kando ya kiti chake nikaanza kuwasikia kama vijana watano waliopewa siku chache na chumba kimoja, wanaogopa kuharibu. Nikawapenda. Hata dereva. Hasa dereva, na ile noti yake ya mwisho ambayo mimi nisingethubutu kuiacha hivyo.

Kabla ya chakula nilitoka kwenda kwenye mpaka wa kihamba, shamba letu la migomba, ambako masale yamepandwa kwa mstari. Kwetu ukimkosea mtu unamletea jani la isale limefungwa fundo, na akiletewa hawezi kukataa kusamehe. Sijawahi kumpelekea mtu. Nilitaka jani zuri. La kwanza lilikuwa na tundu la mdudu, la pili lilikuwa fupi, la tatu ncha yake imekauka.

"Chukua lolote!" Bibi akapiga kelele kutoka jikoni. "Hanunui!"

Nilimpelekea kwa mikono miwili. Fundo nililifunga vibaya, likafunguka alipolipokea, akalifunga upya yeye mwenyewe, polepole, akinionyesha, kama wimbo wa darasani. Kisha akaliweka juu ya televisheni.

"Yamekwisha," akasema. "Bibi yako alete mtori."

Jioni kulikuwa na mazoezi ya kwaya, na Babu akasema tuende na sabufa. Nilimsihi asiende. Hakukuwa na haja. Ningerudisha ukurasa ulivyokuwa, na foleni ya maziwa ingesahau. Alinijibu kwamba jibu langu lilikuwa baya lakini swali langu lilikuwa zuri, na kwamba wanaume wale wameguna miaka mingi bila kuambiwa ni gitaa. Wana haki ya kujua.

Aliwasimulia yote, hata spika ya akiba, hata dereva. Kisha akawapigia upande wa vyombo peke yake. Wanaume walisikiliza vichwa vimeinama. Kiongozi wa besi, mzee anayeuza dawa za mifugo, aliinua mkono.

"Mwalimu. Kwa hiyo mimi miaka yote hii ni gitaa?"

"Gitaa la besi."

"La umeme?"

"La umeme."

Akawageukia wenzake. "Mmesikia. Nisisukumwe tena kwenye benchi."

Yule mzee wa sauti ya tatu, anayechelewa nusu pigo, alikuwa anafuta macho. Siku zote walimwambia anakosea. Kumbe alikuwa peke yake anayefuata gitaa sawasawa kama Babu alivyomfundisha ujanani.

Katibu alikuwa amekaa kimya kuliko nilivyowahi kumwona. Alisimama akasema yeye kule kwenye maziwa aliuliza tu, hakuwa na nia mbaya, na kwamba kwa maoni yake tuandike jina la mwalimu basi, tusiwachoshe watu. Wengi wakaitikia. Mimi pia niliitikia, kwa nguvu.

"Hapana," Babu akasema. "Sauti ya kwanza na ya pili, na maneno, ni vya kwangu. Sauti ya tatu na ya nne nilizisikia kwenye sahani ya vijana wale. Muandike hivyo, na jina la bendi yao liandikwe vizuri, mjukuu wangu ataliangalia herufi kwa herufi, hiyo ndiyo kazi anayoiweza. Na wasiwekwe kwa maandishi madogo. Jina langu na lao, ukubwa mmoja."

Wiki iliyofuata niliuandaa ukurasa ule kwa mara ya mwisho. Nilimtumia Babu kabla ya katibu, safari hii. Bibi akamsomea, naye Babu akajibu kwamba ni sawa, tuchape. Tukachapa. Vitabu vilipotoka mashineni vikiwa bado na joto nilichukua kimoja, kama kawaida yangu, nikakaa nacho pembeni na rula. Jina la Babu limezidi la bendi kwa kitu kama nusu milimita. Nadhani lilivimba kidogo nilipolikoleza. Bosi aliniona na rula, akaniuliza kama tuna kosa, tusimamishe mashine.

Nikamwambia hakuna kosa.